Vibanio vya Nywele kwa Vipande vya Fundi: Mwongozo Kamili wa Kushona Visivyolegea

Wanaoshindwa kushona vibanio vya kitambaa huwa na malalamiko yale yale. Kibanio kimetoka bapa, hakina marinda. Lastiki imejiviringisha ndani. Au kimependeza kabisa mezani, lakini ukikifunga kwenye rasta na kupanda boda, unafika uendako kikiwa kimeshuka hadi kwenye ncha za nywele.

Mara nyingi mkono wa mshonaji hauna kosa. Kosa liko kwenye vipimo. Vipimo vingi vinavyozunguka mtandaoni vilipigwa kwa nywele nyembamba zilizonyooka, nasi tunavipeleka kwenye kichwa chenye nywele za kusuka zinazojaza kiganja. Kwa hiyo hapa tutaanza na vifaa, tupime nywele zenyewe, kisha ndipo tushike mkasi. Kibanio chenye marinda nitakieleza kwa kirefu, maana ndicho kinachowasumbua wengi. Bendi ya kichwa na kipepeo nitavipitia kwa ufupi baadaye.

## Vifaa

- Vipande vya kitambaa: kitenge, satini, pamba nyepesi.
- Lastiki mpya, bapa. Milimita 6 kwa mtoto, 6 hadi 8 kwa nywele za kawaida, 10 hadi 12 kwa rasta.
- Uzi imara unaokaribiana na rangi ya kitambaa.
- Sindano ya mkono, au cherehani. Ya kukanyaga kwa mguu inafaa vizuri, na umeme ukikatika haijali.
- Mkasi mkali, chaki, na futi ya kamba.
- Pini moja ya kufunga na kufungua, ya kuvutia lastiki, na pini chache za kichwa.
- Pasi. Ya makaa inatosha.

Lastiki usiokoteze. Ile iliyotolewa kwenye sketi kuukuu imeshachoka; itavutika ila hairudi. Dukani patana na muuzaji akuruhusu ujaribu: shika sentimita 10, vuta hadi 20, achia. Ikirudi 10 kamili, nunua. Ikibaki 11, iache hapo hapo.

Kuna wanaotumia vipande vya tyubu ya baiskeli, vile vinavyofungia mizigo nyuma ya boda. Vinashika kweli, lakini mpira ule hukauka na kupasuka, na ukichungulia nje ya kitambaa unang'ang'ania unywele na kuukata. Uache ufunge matoke.

## Kupata vipande na kuvichagua

Kampala, vipande vinapatikana kwa mafundi wa Kiyembe na kwa wale wanaoshona ndani ya soko la Owino. Mjini Arua, Mbale au Masaka, nenda kwa fundi yeyote wa barazani. Usichote tu vilivyo chini ya cherehani ukidhani ni taka. Wapo mafundi wanaovikusanya kujazia mito, na wapo wanaovihifadhi kwa kutia viraka nguo za wateja. Omba, na ukirudi mara ya pili mpelekee fundi kibanio kimoja cha mkewe au bintiye. Safari ya tatu utakuta amekuwekea vya kuchagua.

Ukipata fundi wa gomesi, lile gauni refu la kitamaduni la wanawake wa Uganda, umepata hazina. Gomesi moja hula mita nyingi za kitambaa, na mara nyingi ni cha kung'aa na laini, kwa hiyo mabaki yake huwa marefu na yanateleza. Utelezi huo ndio nywele zinautaka: satini haikwaruzi unywele wala hainyonyi mafuta uliyopaka asubuhi, ilhali pamba hufanya yote mawili kidogo. Kwa nywele asilia zilizo kavu, chagua satini. Kwa rasta, kitenge ni bora, kwa sababu ule ukwaruzi kidogo husaidia kibanio kisiteleze.

Hujui kipande ni pamba au ni nailoni na jamaa zake? Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibano cha chuma, ziwashe juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na jamaa zake, yaani kitambaa cha nyuzi za kiwandani, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jambo hili ni muhimu kwa sababu ya pasi: pamba huvumilia moto mkali, satini ya kiwandani hunata kwenye pasi na kukunjamana isirudi tena.

Mara nyingi kitenge kipya huja na ukavu wa wanga. Kifue peke yake kwanza, hadi maji yatoke safi. Kitambaa kisichofuliwa hakikunjiki marinda vizuri, na rangi yake inaweza kuhamia kwenye kola nyeupe siku utakayonyeshewa.

Lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, usijaribu. Hauvutiki, ukikunjwa-kunjwa unachanika, na isitoshe ni kitambaa chenye heshima zake.

## Pima nywele kwanza

Mwambie mwenye nywele azikusanye mahali anapozifungia. Zungushia futi ya kamba lile fungu zima, bila kukaza. Hicho ndicho kipimo chako cha msingi.

Lastiki: chukua kipimo hicho mara moja na nusu, kisha ongeza sentimita 2 za kupandishia ncha.

Urefu wa kitambaa: chukua ile lastiki bila zile sentimita 2, zidisha mara tatu, ongeza 2 za mshono. Kitenge kizito kikikufanyia kibanio kigumu, punguza hadi mara mbili na nusu. Chini ya mara mbili usishuke kamwe, maana hapo kitambaa kinakwisha kabla lastiki haijamaliza kuvutika, na kinachokatika ni uzi.

Kwa kawaida mambo huangukia hapa:

- Mtoto, fungu la sentimita 8: lastiki 14, kitambaa 38 kwa 8.
- Nywele asilia za mtu mzima, fungu la 12: lastiki 20, kitambaa 56 kwa 10.
- Rasta, fungu la 16: lastiki 26, kitambaa 74 kwa 13.

Tazama tofauti kati ya mstari wa pili na wa tatu. Anayeshona cha 56 na kukifunga kwenye rasta za fungu la 16 anapata mzunguko mmoja na kidogo. Hautoshi kushika, na wa pili haufiki.

## Kushona kibanio, hatua kwa hatua

1. Kata, na unga kama ni vifupi.

Vipande vya fundi ni nadra kufika sentimita 74. Unga vitatu vya sentimita 26 kila kimoja: kila kiungo kinakula sentimita 2, kwa hiyo 78 inabaki 74 kamili. Unganisha vya uzito mmoja. Kitenge na satini kwenye mrija mmoja, yaani kipande kikishashonwa ubavu, vitagombana. Satini itajikusanya, kitenge kitabaki kimesimama.

Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa, si kwa kukatisha pembe hadi pembe. Kipande cha pembe huvutika kama mpira na mrija wote utajisokota.

*Umefanikiwa ikiwa:* ukikitandika mezani kinalala, hakijipindi.

2. Piga pasi viungo.

Fungua mshono wa kila kiungo upande wa ndani, kushoto na kulia, ukandamize. Usipofanya hivyo, mahali pale patakuwa na uvimbe, na pini yako itakwama hapo hapo utakapokuwa unavuta lastiki.

Kwa pasi ya makaa, ipitishe kwanza juu ya gunia au kitambaa cha zamani, ifute masizi, na uipulizie mbali na kazi yako. Cheche moja ndogo inatosha kutoboa satini, na tundu lile halizibiki. Satini ifunike kwa kitambaa cha pamba kabla ya kuipiga pasi.

3. Kunja kwa urefu na ushone ubavu, lakini si wote.

Kunja kipande kwa urefu, uso ukiwa ndani. Bana kwa pini za kichwa. Anza kushona sentimita 4 kutoka ncha ya kwanza, uishie sentimita 4 kabla ya ncha ya pili. Acha sentimita 1 pembeni.

Zile nafasi mbili zilizoachwa wazi ndizo siri ya kibanio kisicho na mshono wa nje. Wengi hushona ubavu mzima, halafu wanalazimika kuingiza ncha moja ndani ya nyingine na kupiga mshono juu juu. Hushika, lakini mteja akikigeuza tu anaona.

Kwenye cherehani weka mshono mdogo, wa milimita 2 hadi 2.5. Mshono mrefu huachia unapogeuza mrija. Kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nusu ya hatua, inatoka tena mbele. Bandi la kwenda mbele tu halitoshi hapa. Mwanzo na mwisho wa mshono, rudia mara mbili.

4. Geuza.

Bana pini ya kufunga kwenye ncha moja, iingize ndani ya mrija, uisukume kwa vidole hadi itokee upande wa pili. Sasa uso uko nje.

Satini inayomwaga nyuzi ishughulikie kabla ya kugeuza: pitisha kingo zake haraka karibu na mwali wa mshumaa, zisiguse mwali, ziyeyuke kidogo tu. Hii ni kwa satini ya kiwandani peke yake. Pamba itashika moto. Na kazi hii si ya kumwachia mtoto.

5. Unganisha ncha ziwe duara.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Laza mrija mezani, mshono wa ubavu ukutazame mwanzo hadi mwisho. Sasa lete ncha mbili pamoja bila kuuzungusha mrija. Kwa kuwa uliacha sentimita 4 kila upande, ncha hizo zinafunguka bapa. Zikutanishe uso kwa uso, kingo sawasawa, kisha shona kukatisha, ukiacha sentimita 1.

Kabla ya kushona, fanya jaribio hili: pitisha kidole juu ya mshono wa ubavu, ukizunguka duara lote. Ukirudi pale ulipoanzia bila mshono kupotelea upande wa pili, shona. Ukipotea, mrija umejisokota. Uachie na uurudishe. Ukishona hivyo hivyo, hakuna pasi wala mvuto utakaounyoosha.

*Umefanikiwa ikiwa:* una duara la kitambaa lenye mdomo mmoja wazi wa sentimita 6 hivi, na kwingine kote kumefungwa.

6. Vuta lastiki.

Bana pini kwenye ncha moja ya lastiki. Ncha ya pili ibane kwenye kitambaa kando ya mdomo, isije ikamezwa. Ikimezwa ukiwa umebakiza nusu ya safari, unaanza upya.

Sukuma pini kuzunguka duara. Kila baada ya upana wa kiganja, simama, nyoosha kitambaa nyuma, hakikisha lastiki imelala bapa. Iliyojiviringisha unaihisi kwa vidole: inakuwa kamba, si utepe.

7. Funga lastiki kwa mshono, si kwa fundo.

Fundo hulegea, na likikaa linakuchoma kisogoni ukilala. Pandisha ncha moja juu ya nyingine sentimita 2, zote zikiwa bapa, ushone kisanduku: pande nne na msalaba katikati. Kwa mkono, pita kila upande mara mbili.

Vuta kwa nguvu zako zote kabla hujaziba mdomo. Ikiachia sasa, ni kazi ya dakika mbili. Ikiachia kwa mteja, ni jina lako.

8. Ziba mdomo.

Kunja kingo mbili za mdomo kwa ndani sentimita 1. Tumia mshono wa kificho: sindano ichukue nyuzi chache ndani ya mkunjo wa kushoto, ivuke moja kwa moja, ichukue chache ndani ya mkunjo wa kulia, na kuendelea hivyo. Baada ya hatua nne au tano vuta uzi taratibu, mdomo utajifunga na uzi utapotea.

Vuta kibanio kwa mikono miwili mara kadhaa ili marinda yajigawanye sawa. Kisha kijaribu kwenye nywele halisi. Kizungushe mara mbili, tikisa kichwa, inama kama anayefagia, inuka. Kikibaki pale pale, kimekubali.

## Kimekataa? Angalia hapa

Kinateleza ingawa kinazunguka mara mbili. Lastiki ni ndefu. Fungua mdomo, punguza sentimita 2, jaribu tena.

Kinakaza hadi kichwa kinauma. Usiking'ang'anize kwa tumaini kwamba kitalegea. Nywele za kando ya paji la uso, hasa zilizotoka kusukwa, hung'oka kwa kuvutwa kila siku. Badilisha lastiki.

Marinda yote yamehamia upande mmoja. Lastiki ni nyembamba mno kwa upana wa mrija, inaogelea ndani. Ongeza upana wa lastiki, au shona tone moja la uzi litakaloshika lastiki na kitambaa pamoja pale kwenye kiungo.

Kimetoka bapa. Kitambaa kilikuwa kifupi. Hakina dawa, mpe mtoto.

## Bendi ya kichwa

Ukishaweza kibanio, hii ni nyepesi. Tuchukue kichwa cha mzingo wa sentimita 56, ukipima kutoka mwanzo wa nywele juu ya paji, nyuma ya masikio, hadi kisogoni. Bendi yote ikilegea iwe 53, ili ivutike kidogo na ishike.

Kata kipande cha mbele sentimita 40 kwa 22, na kipande cha njia ya lastiki sentimita 26 kwa 6. Vyote vishone ubavu, uvigeuze viwe mirija. Lastiki yake iwe na upana wa sentimita 1.5 na urefu wa 15. Iingize kwenye ule mrija mwembamba, na ushone ncha zake mbili pamoja na kitambaa. Katikati patajikunja marinda penyewe.

Sasa kunja kila ncha ya kipande cha mbele marinda mawili au matatu hadi ilingane na upana wa njia ya lastiki. Panda moja juu ya nyingine sentimita 1, shona kukatisha mara tatu. Kila kiungo kifunike kwa kitambaa kidogo cha 8 kwa 6, kingo zikiwa zimekunjwa ndani, ukizungushe kwa kukaza na kukifunga kwa mshono wa kificho upande wa ndani. Hicho kifuniko kikiwa na rangi tofauti kinapendeza zaidi kuliko ukijaribu kukificha.

Kwa asiye na muda: fulana ya mitumba yenye kitambaa cha kuvutika, kata ukanda wa sentimita 20 kukatisha kifua, ambao tayari ni duara. Ukubwa wake utazidi kichwa, kwa hiyo upunguze kwa mshono mmoja nyuma. Lastiki haihitajiki.

## Kipepeo cha kubana

Hiki kinatumia vile vipande ambavyo hata kibanio cha mtoto havitoshi. Kata kipande cha 18 kwa 14. Kunja uso ndani, shona kuzunguka ukiacha tundu la sentimita 3 katikati ya ubavu mrefu, kata pembe ndogo kwenye kona ili zisivimbe, geuza, piga pasi. Kata kingine cha 7 kwa 5 na ukikunje kingo hadi kiwe utepe wa sentimita 1.5.

Kunja kile kikubwa katikati kama kipeperushi, rinda moja juu na moja chini, ukibane kwa uzi uliozungushwa mara tano. Tundu la kugeuzia likae hapo katikati, litafunikwa. Weka kibanio cha chuma nyuma yake, zungushia utepe vyote viwili, shona. Gundi peke yake huachia kwenye joto, na kibanio kikibaki kichwani, kipepeo kinaokotwa na mwingine njiani.

Cha mtoto mdogo usikiwekee shanga wala kifungo. Kitang'oka, na kinachong'oka huishia mdomoni.

## Ukitaka kuuza

Hapa Uganda shule nyingi huwataka wasichana wanyoe, kwa hiyo usishone dazeni kumi za rangi za sare ukitegemea mwanzo wa muhula. Wanunuzi ni wanafunzi wa vyuo, watoto wa chekechea, na wanawake waliotoka saluni wakiwa wamesukwa. Huyo wa tatu ndiye bora. Amekaa kwenye kiti saa nyingi, nywele zimekamilika, anatafuta cha kuzifungia, na kile chembamba cha dukani hakimtoshi. Mwachie mwenye saluni vitano vya fungu la 16, mkubaliane gawio lake.

Hesabu bei kwa lastiki, siyo kwa kitambaa ulichopewa bure. Mita moja inatoa vibanio vitano vya sentimita 20, lakini vya rasta vitatu tu, na kinabaki kipande cha 22 ambacho kinatosha mtoto mmoja. Kwa hiyo cha rasta lazima kiwe ghali zaidi, na mteja atakubali ukimfungia palepale akajionea. Bandika karatasi ndogo yenye namba ya fungu, 8, 12 au 16, ili akirudi asikuombe tu "kile kikubwa".